Zimwi la Kifaransa Lililokuja Bila Ngoma

Enzi zetu pale Chuno, huko kusini, miaka ile ya Ujamaa, hata kuogopa kulikuwa na adabu zake. Mchana tulilima shamba la shule, jioni tukacheza rede mpaka vumbi likatujaa puani, mikono bado inanuka mabibo. Mama akiita mara moja, umeshaitika. Watoto wa siku hizi unawaita mpaka koo linakauka, masikio yote yamezibwa na waya!

Woga wetu mkubwa ulikuwa lipiko. Vijana wakitolewa jandoni, lipiko linatoka kucheza, sura ya kinyago yenye nywele za mtu kabisa, njuga kiunoni. Sisi watoto wa kike tuliambiwa ni mfu aliyefufuka, na mpaka leo mimi sisemi vingine, siri ina wenyewe. Aliyelipigia ngoma ni mjomba wangu, Chilumba, na kwa ajili yake nilitembea kifua mbele shule nzima.

Sasa darasani tulikuwa na Deo, mtoto wa karani wa bandarini, kwao Bukoba. Siku gari la sinema lilipopita likitangaza picha ya zimwi kutoka Ufaransa, Deo akasimama. "Leo mtaona kitu cha kutisha, siyo lile gogo lenu. Mjomba wako anajichosha bure."

Damu ilinichemka. Nikamwambia mbele ya wote: nikifumba macho kwa zimwi lako, nitatangaza mwenyewe kuwa lipiko ni upuuzi. Nisipofumba, uje ulitazame letu. Nilipofika nyumbani ndipo nikatambua kuwa nimeliweka rehani jina la mjomba.

Jioni ile uwanja ulifurika. Watu walikuja na mikeka na korosho za kuchoma, shuka jeupe likatundikwa, nami nikakaa mbele na macho yangu nimeyakodoa. Lo! Wazungu wakakaa mezani wakala. Wakazungumza Kifaransa, wakavuta sigara, wakazungumza tena. Bibi yangu, aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, akauliza kwa sauti, "Jamani, hawa hawana mashamba?"

Mwishowe zimwi likatoka kwenye bwawa. Lilikuwa mtu amevaa manyoya, tena viatu vyake vinaonekana. Nilingoja woga uje, haukuja. Kila mtu akatega sikio, kwa sababu kwetu kitu kama kile hakitoki hivi hivi. Bibi akashindwa kuvumilia. "Mbona limekuja bila ngoma? Litachezaje, maskini?"

"Mgeni haachwi akaaibika," akasema Mjomba Chilumba, akavuta debe tupu akaanza kulipiga. Wenzake wakadaka, huyu benchi, yule sufuria. Kina mama wakapiga vigelegele. Wallahi, lile zimwi likawa linatembea sawasawa na mdundo! Uwanja mzima ulicheka mpaka mwenye mashine akatusihi tunyamaze, na hakuna aliyemsikia. Deo peke yake alikaa amenuna. Mimi sikufumba jicho hata moja.

Vijana walipotolewa jandoni, Deo akaja kama tulivyoahidiana, amevaa soksi nyeupe. Alisimama mbele kabisa, mikono mfukoni. Ngoma za mjomba zikapanda, zikapanda, kisha zikakatika ghafla. Lipiko likageuza shingo taratibu, likamtazama yeye.

Mama yangu! Deo alitoka mbio mpaka tukaona vumbi lake tu. Na mimi pia nilikimbia, tena mbele ya wasichana wote, napiga mayowe huku nacheka, na sijawahi kujivunia kitu maishani kama nilivyojivunia zile mbio. Jumatatu Deo akasimama darasani bila kuambiwa na mtu. "Jamani, lile la kwenu," akasema, "mimi siendi tena." Tulimpigia makofi, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa kwetu.

Juzi mjukuu wangu alitazama zimwi kwenye simu, chumbani, kajifunika shuka. Aliogopa mpaka hakulala, na hakuna aliyejua hadi asubuhi, kila mtu alikuwa na simu yake. Nilimhurumia sana. Mimi nilipoogopa, Chuno nzima ilikimbia pamoja nami.