Bahati Yenye Muhuri

Rogathe Tluway ana duka la steshenari Maisaka. Anapiga picha za pasipoti, anatoa kopi, anawaandikia barua wasiojua pa kuanzia. Aliwahi kusoma kompyuta chuoni, na hilo ndilo kosa lililomfikisha kwenye kamati ya soko.

Kamati ilikuwa na vizimba sitini vipya na waombaji mia na kumi. Kura ya mwaka uliopita, ya vikaratasi ndani ya ndoo, ilizua ugomvi baada ya kugundulika kwamba vikaratasi vya ndugu wa wajumbe vilikunjwa kwa namna ya pekee. Kwa hiyo Rogathe aliombwa atengeneze programu.

Siku ya kuikagua, mwenyekiti Mzee Benedict Gwandu, muuza majembe aliyependa utaratibu kuliko chakula, aliuliza hiyo bahati inatoka wapi. Rogathe akaeleza kwamba kompyuta haibahatishi, inahesabu tu. Lazima ipate mbegu, yaani namba ya kuanzia, isiyotabirika. Mbegu hiyo huiokota kwenye mambo madogo yasiyo na mpangilio, kama muda unaopita kati ya kubonyeza kitufe kimoja na kingine.

Mzee Benedict hakuridhika. Kamati haiwezi kutegemea mambo ambayo hayakujadiliwa kikaoni. Akaagiza mbegu itoke kwa kamati, na ile ya mashine ifungwe kabisa. Rogathe akasema kuongeza yao si tatizo, ila kuondoa ya mashine ni hatari. Hoja yake iliandikwa kwenye muhtasari chini ya Mengineyo.

Kamati Ndogo ya Mbegu ilikaa vikao vitatu. Mwenyekiti alitoa mwaka aliochaguliwa. Katibu Aminiel, mzee wa kanisa, alitoa namba ya wimbo aupendao. Wajumbe wengine walitoa idadi yao, saba. Namba zikaunganishwa, zikagongwa muhuri na, kwa ajili ya uwazi, zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na programu yenyewe.

Kwenye majaribio Rogathe aliendesha kura mara tatu. Majina yalitoka kwa mpangilio uleule mara zote tatu. Yeye akashika kichwa. Aminiel akasifu kwamba sasa soko limepata mashine yenye msimamo.

Siku tatu kabla ya kura, mwombaji mmoja mwenye kompyuta aliingiza namba za ubaoni na kutuma matokeo kwenye kundi la WhatsApp la soko. Waliopata wakaanza kupima meza za vizimba vyao. Mzee Benedict, naye mwombaji, akasoma yake: kizimba cha hamsini na tisa, kando ya ukuta wa choo.

Asubuhi hiyohiyo alifika steshenari.

"Binti, ile hatari uliyoisema kikaoni, hebu nieleze tena."

Rogathe aliinama kupanga karatasi kwenye printa mpaka hamu ya kucheka ilipompita, kisha akaeleza: mbegu inayojulikana huzaa mavuno yanayojulikana. Bernadina, yaani Mama Edda, muuza maharage wa Nangara aliyekuwa akisubiri kopi ya kitambulisho, alikuwa akisikiliza. Akauliza kwa nini kila mwombaji asilete mbegu yake.

Ndivyo ilivyofanyika. Siku ya kura kila mtu alichota konzi ya maharage kwenye gunia la Bernadina, akahesabu mbele ya jirani yake, na Rogathe akaiingiza idadi hiyo pamoja na mbegu ya mashine, iliyofunguliwa tena. Aliwaambia kwamba hata mwenye hila akija na hesabu aliyoipanga, hawezi kuharibu za wenzake. Aminiel alitaka kila idadi iandikwe na kugongwa muhuri. Wino uliisha kwa mtu wa thelathini, na hakuna aliyetoka kuutafuta.

Mzee Benedict alipata kizimba cha katikati, akamshukuru Mungu na utaratibu. Bernadina hakupata chochote.

Rogathe aliona aibu, kwa kuwa wazo lilikuwa la yule mama. Kesho yake alimfuata barabarani alikotandaza maharage yake.

"Pole, Mama Edda."

"Asante, mwanangu. Mwaka jana nilikosa kwa sababu simjui mtu. Safari hii nimekosa tu." Bernadina akampimia mteja kilo mbili kwanza. "Naona hii inauma zaidi. Sina wa kumlaumu."

Kisha akauliza fomu za mwaka kesho zinatoka lini.