Chupa ya L na Chupa ya R

Barua pepe iliingia kwenye simu yangu nikiwa Kitale, maana Baba hasomi tena. Presha ya macho imemaliza jicho lake la kulia na sehemu kubwa ya la kushoto. Jumamosi yake nilimpelekea nyumbani Kamukuywa, nikamsomea tukiwa mlangoni, mbele ya turubai la mahindi yaliyoanikwa.

Aliyeandika alikuwa mtafiti kijana, mwenye heshima nyingi. Meli yao ilikuwa imerudi kwenye chemchemi mbili za maji moto, zilizopewa herufi L na R, chini kabisa baharini, ambazo Baba aliwahi kuandika habari za konokono wanaoishi humo. Waliowakuta hawakulingana na maandishi yake. Aliuliza kama labda mzee alichanganya aina mbili.

"Soma tena hapo mwisho," Baba akasema.

Nikasoma.

"Ati nilichanganya."

"Ameuliza tu, Baba."

"Mtu akiuliza hivyo, mama, ameshajibu." Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Baba alifanya kazi miaka mingi katika jumba la makumbusho jijini, akipanga konokono na makombe ya bahari kwa koo zao. Alipostaafu akarudi Kamukuywa, na wataalamu wakaendelea kumtumia chupa za konokono. Majirani walizoea kusema kwamba kuna mzee hapa analetewa konokono kutoka ng'ambo, kana kwamba wa shambani kwake hawamtoshi.

Hao wa chupani huishi mahali ambapo jua halijawahi kufika. Maji hutoka ardhini yakichemka, yenye harufu ya kiberiti, na vijidudu visivyoonekana kwa macho hupata uhai humo. Konokono nao huvila vijidudu hivyo. Wengine gamba lao limejikunja kama la konokono yeyote. Wengine gamba lao ni kama kofia iliyofunikwa juu ya jiwe, na nyumbani tuliwaita hivyo tu, kofia. Taabu ya kofia ni kwamba hufanana bila kuwa ndugu. Koo zilizo mbali kabisa zimeishia kuvaa umbo hilo hilo. Ukitaka kujua huyu ni wa nani, lazima umwangalie mdomoni. Mna ulimi kama utepe, wenye safu za meno madogo sana, na mpangilio wa meno hayo ndio unaotaja ukoo.

Kwa hiyo kuambiwa kwamba alichanganya aina mbili ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba hakuona. Na kama hakuona mara hiyo, ni mangapi mengine hakuyaona? Hakulisema hilo, lakini chai yake ilipoa bila kuguswa.

"Rete hadubini," akasema. Sisi watu wa Bungoma l na r hupishana midomoni mwetu bila kuomba ruhusa, na Baba hajawahi kujali. "Utakuwa macho yangu. Lakini usiniambie ni nini. Niambie unaona nini."

Ndiyo kazi ninayoifanya Kitale kila siku, gazetini. Nikitumwa kwenye mkutano wa wakulima, mhariri hataki maoni yangu. Anataka nani alisema nini, akiwa amesimama wapi. Nikaweka hadubini dirishani, upande unaoutazama Mlima Elgon, nikageuza kioo chake mpaka kikashika mwanga. Kisanduku cha vipande vya kioo, vilivyobandikwa ndimi za konokono, kilikuwa juu ya kabati. Nikachukua kile kilichoandikwa R, chenye ulimi wa kofia mmoja.

"Katikati kuna jino moja, limechongoka," nikaanza.

"Kando yake?"

"Mapana. Ya kwanza ni mapana kama jembe."

"Ngapi kila upande?"

Nikahesabu. Akaniambia nihesabu tena. Kisha nikafungua daftari lake la michoro na kulinganisha jino kwa jino. Kila kitu kilikaa palepale alipokichora.

"Basi nilichora nilichoona," akasema polepole. "Na cha L?"

Cha L kilikuwa na meno membamba kama ya kitana, na mchoro wake ulisema vivyo hivyo. Hakuwa amechanganya aina mbili. Lakini barua ilisema chemchemi ya R haina wenye meno ya jembe hata mmoja, na kwamba wote wako L, safari ya siku nyingi kwa meli.

"Konokono hawakuhama," Baba akasema. "Fungua chupa yenyewe. Toa mmoja, uangalie alama ya msuli ndani ya gamba."

Nikaingiza kibano kwenye chupa ya R. Spiriti inayowahifadhi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Nilipovuta gamba la kwanza, kikatoka pia kikaratasi kilichokuwa kimekunjwa chini kabisa. Nikakikunjua kwenye kisahani. Kiliandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti, kwa mwandiko wa mtu wa melini. Kilisema L.

Kikaratasi kingine, kile kilichoegemea kioo cha chupa, kinachosomeka kutoka nje, kilisema R. Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo, wa msichana. Ulikuwa wangu.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Agosti. Baba alikuwa akiwahamisha konokono kutoka chupa kubwa za meli kwenda chupa ndogo, akitaja herufi, nami nikiandika. Kila kikaratasi cha meli alikifuatisha na wanyama wake, kama sheria ya kazi inavyotaka. Akataja herufi moja. Nikauliza, "L ama R?" Akajibu. Nikauliza tena. Akasema, "Si nimesema? Kama ya ledio!" Nikacheka, maana ledio yake ingeweza kuanza na yoyote kati ya hizo mbili. Niliona aibu kuuliza mara ya tatu, nikaandika niliyodhani nimesikia. Ya pili ikakosea yenyewe, maana ilibaki herufi moja.

"Unaona nini?" Baba akauliza.

Ningeweza kukirudisha kikaratasi kile. Hakuna ambaye angekiona. Ningesema msuli uko sawa, na kosa liwe la watu wa meli.

"Kuna kikaratasi cha meli humu ndani. Kinasema L. Cha nje kinasema R."

"Cha nje kiliandikwa na nani?"

"Ni mimi, Baba."

Kuku akapanda turubai na kuanza kudonoa mahindi, hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hivyo macho yangu ilikuwa sawa," akasema.

"Yalikuwa sawa. Nisamehe."

"Wiki nzima ijayo ningekuwa nalala na hiyo maneno." Akajipangusa uso kwa kiganja. Kisha, kwa sauti ile ile nzito, "Hii kosa ni ya ulimi, mama. Ulimi wetu haina hilo jino."

Tukaandika jibu. Alitaka niseme tu kwamba lebo zilibadilishana. Nikaandika kwamba zilibadilishwa na binti yake.

"Ondoa binti."

"Gazetini kosa likiwa letu, tunasema ni letu."

"Hii si gazeti, bana."

"Si ni kazi yako? Basi liandikwe vizuri."

"Tuma basi," akasema.

Kilichobaki kilikuwa kuandika vikaratasi vipya. Nikachonga penseli. Nilikuwa na kikaratasi cha meli mbele yangu na sikuhitaji kuambiwa, lakini nilitaka aitaje yeye.

"Hii ni gani, Baba?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Akautafuta mkono wangu mezani, akaugeuza kiganja juu, akachora kwa kidole: mstari mmoja kushuka, na mguu mfupi kwenda kando.

"Isiyo na tumbo," nikasema.

"Isiyo na tumbo."

Nikaichora na mimi kiganjani mwake. Akaitikia kwa kichwa. Nikaichora tena, nikauliza mara ya tatu, naye akangoja nimalize ndipo akajibu.