Filamu ya Shimo Chini ya Kitanda Changu

Katika chumba nilichopanga pale Musonoi, mtaa wa wachimba madini, kulikuwa na shimo, na kitanda changu kilikuwa juu yake. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa amelichimba akitafuta madini ya kobalti. Alishuka mita nne, akakuta udongo wa manjano tu, akafunga mizigo akaondoka. Mama mwenye nyumba aliweka mlango wa zamani juu ya shimo, akafagia, akanikaribisha. Nililala pale miaka miwili. Wageni niliwaambia kwamba ukidondosha kijiko mle asubuhi, unakisikia kinagonga chini wakati wa chakula cha mchana. Lilikuwa mita nne. Nilipima mwenyewe.

Wazo la filamu lilitoka shuleni. Nilisoma shule ya jioni katika umri ambao wenzangu tayari walikuwa na watoto wenye diploma. Mchana nilitengeneza simu karibu na soko, jioni nilikaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wetu wa Kifaransa alitueleza kwamba zamani, huko Ulaya, watunzi wa michezo walijifunga wenyewe: mahali pamoja, siku moja, jambo moja. Wenzangu waliandika kwenye daftari wakasahau. Mimi nilirudi nyumbani nikakitazama kitanda. Nilifaulu mtihani wa serikali kwa alama zinazosimuliwa hadi Tenke, yaani zilitosha, na baada ya hapo jioni zangu zikawa tupu. Nikaamua kutengeneza filamu ya mtu mmoja ndani ya shimo, dakika ishirini, bila maneno, bila muziki, bila hadithi. Mtu, udongo, na mwanga kutoka juu.

Kamera ilikuwa simu niliyoiunga kutoka simu nne zilizokufa. Taa sikuwa nayo. Nilisogeza kitanda kando, nikang'oa bati moja la paa, na kati ya saa tano na saa saba jua lilianguka moja kwa moja ndani ya shimo kana kwamba lilikuwa limeajiriwa. Kilichobaki ni mtu.

Alikuja mwenyewe. Alikuwa jirani yangu, mchimbaji aliyetoka Kasai, mabega yake yakiziba mlango. Miezi mitatu kabla, udongo ulikuwa umemfunika ndani ya kisima, yaani shimo la kuchimbia madini, wenzake wakamchimbua kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tangu siku ile hakuwa ameshuka tena. Aliketi juu ya ndoo yangu ya maji, ikalia.

"Tata, banasema unatafuta mutu wa kuingia mu shimo."

"Ni ya filme."

"Shimo ni shimo." Akaisogeza ndoo karibu. "Lundi equipe ya benzangu inaningojea ku kariere, ku machimbo. Nikikosa kushuka lundi, banatia mwingine. Miezi tatu nikiona kisima, miguu inakatala. Yako ni mita ngapi?"

"Makumi mbili," nikasema, kwa mazoea.

Akanitazama bila kupepesa.

"Ine," nikasema, mita nne za kweli.

"Bon. Nikiweza kukaa mu yako, nitaweza kukaa mu yabo. Nikishindwa, nishindwe mu nyumba ya mutu, hapana mbele ya equipe."

Kwa hiyo kila mmoja alijua mwenzake anataka nini. Mimi nilitaka dakika ishirini. Yeye alitaka Jumatatu.

Alikuwa na sharti moja: kamba. Huko migodini mtu hashuki bila mtu wa kamba. Aliye chini amefungwa kiunoni, aliye juu ameshika ncha nyingine. Wa chini akivuta mara mbili, maana yake niko salama, na wa juu lazima ajibu kwa kuvuta mara mbili. Akivuta mara tatu, maana yake nitoe. Wa juu asipojibu, kazi inasimama. Nilimweleza kwamba hii ni filamu ya mtu aliye peke yake, kamba itaharibu maana yote.

"Basi, ingia weye," akasema.

Kamba ikabaki.

Siku ya kwanza, Alhamisi, alisimama ukingoni zaidi ya saa mbili akitazama chini. Jua lilikuja, likaondoka. Mama mwenye nyumba aliingia kuangalia hali ya bati lake. Alikuwa mjane wa dereva wa malori, watu wake wa Maniema, na hakuwa mtu wa kuficha maoni.

"Mwanangu, ndiyo hii sinema?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mbona hakuna kitu?"

"Ndivyo ilivyo, mama. Ni ya majaribio."

"Hata mimi ningeweza." Akamgeukia jirani yangu. "Na huyu, mkubwa namna hii, anangoja nini?"

"Mama, niko nasali kwanza."

"Sali haraka. Mvua ikinyesha, utakuwa unasali ndani ya bwawa."

Ijumaa alishuka mpaka kifuani, akapanda. Akashuka tena, akagusa chini kwa vidole vya miguu, akapanda. Mara ya tatu alikaa chini dakika nne. Alivuta mara mbili kila baada ya pumzi chache, nami nikajibu kila mara, mpaka kiganja kikawaka moto. Alipotoka jasho lake lingetosha kumwagilia mahindi ya Musonoi yote. Alikuwa anacheka peke yake, chini chini. Aliniambia nimwandalie kesho dakika zangu ishirini.

Jumamosi niliifunga simu kwenye ufito uliolala katikati ya shimo, jicho lake likitazama chini. Ilikuwa picha safi kuliko nilivyotarajia: duara la mwanga, kuta za manjano, mtu akiwa amechuchumaa katikati. Tatizo lilikuwa mkono wangu. Kila nilipojibu kamba, vidole vilionekana ukingoni mwa picha. Alipotulia chini, nikaifunga kamba kwenye mguu wa kitanda, nikarudi nyuma hatua mbili. Sikumwambia.

Alivuta mara mbili. Kamba ilikaza kidogo kwenye mguu wa kitanda, nafikiri akadhani ni mimi. Tukaenda hivyo dakika tisa.

Kisha king'ora cha mgodi mkubwa kikalia, halafu baruti. Sisi wa Musonoi tumezoea, sahani zinatetemeka, mtu anaendelea kutafuna. Lakini pande la udongo, kubwa kama mkate, lilibanduka ukutani likamwangukia begani. Akavuta mara tatu.

Niliona. Nasema hivyo kwa sababu aliniuliza baadaye, na sikuweza kudanganya, hata mimi. Kwenye kioo cha simu niliuona uso wake ukiinuka, mdomo ukifunguka na kufungwa. Nikawaza kwamba mtu huyu ni mwigizaji, ameelewa filamu yangu kuliko mimi. Akavuta tena mara tatu. Nikabana pumzi ili isisikike. Kwa saa ya simu zilikuwa sekunde arobaini. Kisha akapiga kelele, na haikuwa kelele ya kuigiza, nikarukia kamba nikamvuta.

Aliketi sakafuni, akaifungua kamba kiunoni polepole. Nilisubiri ngumi.

"Ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Nilivuta tatu."

"Niliona."

"Uliona."

"Nilifikiri unaigiza."

Alijipangusa udongo begani. Aliutazama kiganjani.

"Hii si kitu. Udongo mi naujua. Kule kariere, siku ile, nilivuta kutwa nzima. Nilivuta mupaka mikono ikatoka ngozi. Kamba ilikuwa imefukiwa katikati, hakuna mwenye alijibu." Akautupa ule udongo ndani ya shimo. "Miezi tatu nilizani naogopa shimo. Mi siogope shimo. Naogopa kamba yenye haijibu."

Nikamwomba msamaha. Akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayepokea chenji.

"Lundi sitashuka," akasema. "Wala lundi ingine."

Akaomba kuona. Tukatazama pamoja zile dakika tisa na sekunde arobaini. Zilikuwa nzuri, katika jimbo lote la Lualaba hakuna aliyewahi kupiga picha kama hizo, na hapa sizidishi. Aliniambia nizifute. Nikazifuta mbele yake, akahakikisha.

"Jua limebakia?"

"Nusu saa."

"Vaa kamba."

Nikavaa. Mita nne kwa mtu aliyezilalia miaka miwili si mita nne akiwa ndani yake. Mbingu iligeuka sahani ya chai. Nilivuta mara mbili, na kabla sijalegeza vidole, jibu likaja. Tena, jibu. Halafu akaanza na mdomo pia.

"Uko?"

"Niko. Nyamaza, filme haina maneno."

"Uko?"

"Niko."

Mama mwenye nyumba naye akaingia, nikamsikia akiuliza nani yumo leo. Akaambiwa ni mimi. Akasema sasa angalau inachekesha. Nilikaa dakika ishirini kamili, nami si jasiri. Filamu iliyopatikana inaonyesha kipara changu kikiwa kimelowa, na kila mara mkono mnene unaingia ukingoni mwa picha ukivuta kamba mara mbili, na sauti ile ile inauliza. Nimeiacha hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi mkubwa wa timu alifika mlangoni kwa jirani yangu na pikipiki, wenzake watatu wakiwa nyuma kwa miguu.

"Unashuka ao haushuke?"

"Sishuke. Munipatie kamba ya juu."

Wakacheka mpaka majirani wakafungua madirisha. Kamba ya juu ni kazi ya wazee na wenye kifua kibovu.

"Na mabega hii yote?" akauliza mmoja.

"Mabega itabavuta."

Mkubwa wa timu hakucheka sana. Alimwuliza nani amemwona akishika kamba. Jirani yangu akanionyesha kwa kidevu, wote wakanigeukia, nikiwa na mswaki mdomoni. Nikatema. Nikasema Jumamosi alinishikia kamba dakika ishirini, na alijibu kila mara, hata nilipomwomba anyamaze.

"Kila mara?"

"Kila mara."

Nilisema hivyo tu, bila nyongeza.

"Leo tu," mkubwa wa timu akamwambia. "Tutaona."

Akapanda nyuma ya pikipiki. Nikaenda sokoni kufungua simu za watu. Jioni nilikuwa kibarazani walipopita kurudi, wamejaa vumbi, yeye nyuma ya wote. Niliwahesabu: watano, kama asubuhi.