Nyumbani kwa Bibi, Nyoka Aliitwa Kamba

Nilipokuwa mtoto, kule kijijini Mbaha, kando ya ziwa, nyoka walikuwa na majina yao shambani tu. Wakivuka ua wa Bibi, mwenye sumu na asiye na sumu, wote walikuwa kamba. Bibi aliamini kwamba nyoka akitajwa nyumbani huitika, na akiitika huja. Wengine wanakataza kumtaja usiku. Bibi hakupenda kufanya jambo nusunusu, akakataza hata saa sita mchana. Niliwahi kupigwa mwiko wa ugali mdomoni kwa neno hilo moja, na mwiko ulikuwa wa moto.

Lakini shambani mambo yalikuwa mengine. Shamba letu la muhogo lilikuwa kwenye mteremko wa mawe kati ya ziwa na milima, pakavu, ambapo kiangazi majani husagika mkononi kama unga. Huko Bibi alinifundisha kuliko walimu wangu wote wa darasa la kwanza hadi la saba. Ukukwi, wa kijani, yuko juu ya miti na ana haraka zake. Swila hutema mate, na hulenga macho. Chatu akishiba hana ugomvi na mtu. Nyoka wa panya ni mwembamba, wa kahawia, mkia mrefu unaoisha polepole. Huyo hatukumwua, maana alitulindia mahindi. Halafu kifutu.

"Huyu mvivu," Bibi alisema. "Wenzake wakisikia mguu wako wanakimbia. Yeye anakungoja umkanyage. Tazama mkia: mwili mnene, mkia mfupi, umekatika ghafla."

Nilikariri kama katekisimu.

Nikiwa darasa la tano akaletwa Felista, mtoto wa mama yangu mdogo, kutoka milimani Mbinga, kwenye kahawa na baridi. Mama yake alikuwa mgonjwa. Alikuja na sweta jekundu, akalivaa kwenye joto la ziwani mpaka jasho likamtoka puani, mradi tulione.

"Sekunda," Bibi akaniambia, "mweleze mdogo wako mambo ya nyumba hii. Neno lile asilitaje, na akisikia kamba ajue ni nini."

"Ndiyo, Bibi."

Sikumweleza. Kwanza nilisahau. Baadaye sikutaka, kwa sababu siku moja tukifua ufukweni Felista aliwaambia wasichana wenzangu, "Dada Sekunda hata amalize kipande kizima cha sabuni, bado ananuka vidagaa vya usipa." Walicheka mpaka mmoja akaachia sufuria ikaelea. Nikacheka nao, ionekane neno lile halijaniuma. Liliniuma.

Siku ya tatu baada ya kicheko kile, jua likiwa bado lipo, Bibi alitutuma kuni nyuma ya jiko. Nilitangulia. Katikati ya magogo nikaona kipande cha mkia, cha kahawia. Nikajiambia ni nyoka wa panya. Nilijiambia upesi, bila kutazama mara mbili, kwa sababu nilitaka awe nyoka wa panya. Nilitaka Felista amshike, apige yowe, ikiwezekana ajikojolee, nami nipate cha kusimulia ufukweni.

Nikasema kwa sauti ambayo Bibi angeisikia, "Kuna kamba hapo!" Ndivyo tulivyofunzwa. Kisha nikashusha sauti: "Ichukue tufungie kuni."

Akainama.

Yowe lake sitalieleza. Alikuwa kifutu. Mkono ulivimba mpaka kiwiko hakikuonekana. Mjomba na jirani wakampakia mtumbwini kumpeleka hospitali ya misheni, na Bibi akapanda naye. Felista alipona. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilioza, vikakatwa.

Siku niliyopelekwa kumwona nilisimama mlangoni mwa wodi. Bibi alikuwa anamwuliza, "Mwenzio alikuambiaje?"

Felista alinitazama mimi kwanza. "Alisema kuna kamba."

La kufungia kuni hakulitaja.

"Basi alikuonya, mwanangu, wewe ndiye hukuelewa." Bibi akanigeukia. "Si ulimweleza?"

"Nilimweleza, Bibi."

Felista akafumba macho.

Bibi alikufa akiwasimulia watu jinsi nilivyokuwa mtoto msikivu. Kila alipoanza, mimi nilijitafutia kazi jikoni.

Msimu uliopita wa kahawa nilipanda Mbinga kumtembelea Felista. Ana wajukuu wengi na maneno machache. Kwa mkono ule ule huchuma kuliko mabinti zake. Tulikuwa tumekaa uani, yeye akichambua kahawa, mjukuu mmoja akauliza, "Bibi, vidole vyako viliendaga wapi?"

"Mwulizeni bibi yenu huyu wa ziwani," akasema. "Alikuwepo, na nyoka anawajua."

Nikawaeleza. Niliwaeleza kwamba kifutu ana rangi ya majani makavu, ndiyo maana humwoni. Kwamba akikasirika hupuliza kama pampu ya baiskeli. Kwamba hatagi mayai, huzaa watoto wazima, na kila mtoto huzaliwa na sumu yake tayari. Mkia niliwaonyesha kwa kidole changu. Watoto walikaa midomo wazi, nami nikanogewa, nikaongea mpaka koo likakauka.

Felista hakuinua kichwa. Niliponyamaza akasema, "Endelea, dada. Hujamaliza."

"Nimemaliza."

"Haya," akasema, akaendelea kuchambua.

Miaka yote nimemtupia Bibi lawama kimoyomoyo, yeye na kamba zake. Wasomi wakija kutuambia imani za wazee ni ujinga, natikisa kichwa kukubali, maana inanifaa. Lakini Bibi alinifunza kusema kuna kamba. Ile "ichukue" ilikuwa yangu, na uongo wa mlangoni pia. Felista alinifichia siri akiwa mtoto mwenye mkono uliooza, sijui kwa nini, na uzeeni akanipa nafasi ya kusema mwenyewe. Mimi, mwanamke ninayesemwa nina mdomo kama wembe, nikawaogopa watoto wasiojua kupenga kamasi.

Nimeyaandika hapa kwa sababu karatasi hainitazami. Felista yu hai, na barabara ya Mbinga siku hizi ni lami tupu. Sina kisingizio.