Kipande cha Koo la Babu Yenu

Nyinyi wajukuu wangu mtakaosoma haya, mjue kwamba babu yenu alipopasuliwa saratani ya koo la chakula, watu wa kwao hawakuuliza kama atapona. Waliuliza kipande kilichokatwa kiko wapi. Kaka yake mkubwa alifika kutoka Tala na jembe begani, akachimba shimo kando ya kahawa yangu.

"Nyama ya mtu wetu haiachwi hospitali," akasema. "Inazikwa nyumbani."

"Iko maabara, shemeji," nikamjibu. "Wanatafuta alama za kuonyesha kama ugonjwa utarudi, na ni dawa gani itauweza."

"Wakimaliza, watuletee."

"Wewe unataka kuzika kipande. Mimi sitaki kuzika kilichobaki."

Babu yenu, aliyekuwa akilishwa uji kwa kijiko, alicheka mpaka mshono ukamuuma.

Majibu yalipotoka, daktari alisema alama ni za ugonjwa unaosikia dawa, kwa hivyo mzee yuko na nafasi nzuri ya kuishi, mradi asikose matibabu. Shemeji bado aliulizia kipande. Nikawaamuru wote nyumbani: "Kwa hilo shimo pandeni ndizi. Na atakayesahau kumpeleka mzee kliniki siku ya dawa, asionje hizo ndizi."