Mashine ya Mama Ndani ya Pipa la Magadi

Kiwanda cha nguo kilipopunguza wafanyakazi, mume wangu, aliyekuwa fundi umeme pale, alirudi nyumbani kwetu Bigwa akawa mtu wa kimya. Hakuwa na hasira. Alikula, akashukuru, kisha akakaa uani akiitazama mikono yake.

Mavuno yalipokaribia, mama yangu alituma ujumbe kutoka kijijini kwetu milimani. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wakiiulizia mashine ya kupukuchulia mahindi aliyoiacha marehemu baba. Ilikuwa na gurudumu zito, na kutu ilikuwa imeigandisha. Je, auze?

"Asiuze," alisema mume wangu, akainuka.

Alipanda mlima, wakaishusha yeye na vijana wa kijijini, imefungwa kwenye mti waliouchukua mabegani. Mama akafuatana nao.

Uani kwetu aliifungua vipande vipande, akalizamisha gurudumu kwenye pipa la plastiki lenye maji na magadi. Pembeni akatumbukiza vyuma vibovu. Waya mmoja wa chaja ya betri aliufunga kwenye gurudumu, wa pili kwenye vyuma vile. Mimi aliniambia nipeleke jiko mbali, kwani hewa inayotoka pale hushika moto.

Mama alivuta kigoda. Vipovu vilipanda, na juu ya maji pakatanda povu la rangi ya udongo.

"Yanachemka bila moto," alisema, akataka kujua ni dawa gani ile.

Mume wangu, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kumtazama usoni, alichuchumaa mbali kidogo akaanza kumweleza jinsi umeme unavyopita majini na kuilegeza kutu. Alieleza mpaka chai yake ikapoa. Mimi nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, nikiisikiliza sauti niliyoikosa kwa miezi.

Kesho yake gurudumu lilitoka jeusi. Alilisugua kwa brashi, akalikausha na kulipaka mafuta. Kisha akamwambia mama ukweli: kutu imetoka, lakini pale chuma kilipolika hapatajaa tena.

Mama alipitisha kiganja juu ya gurudumu, polepole.

"Hata mimi nimelika, mwanangu," alisema. "Na bado nalima."

Mume wangu aliiunga tena mashine, akaipandisha mlimani pamoja na vijana wale, akabaki huko msimu mzima akiwapukuchulia majirani mahindi. Aliporudi alikuwa amenenepa, na alipokuwa akioga nilimsikia akiimba.