Simu ya Asani Yenye Kutafuta Watu

Naweka jogoo yangu hapa mbele yenu iwe dau, ile yenye kushinda jogoo zote za Kabambare: hapana mutu moja atasadiki habari hii. Na mimi nikisimulia, ata kiziwi anacheka. Lakini hii hamutasadiki, na kucheka hamutacheka sana.

Kulikuwa Asani Lukumani, fundi wa simu, mutoto wa Kasongo, wa jamaa ya wauza vitambaa, wale wanaosali Ijumaa safu ya mbele na kukupimia mita ya kitambaa sawa wanakupimia dhahabu. Masomo aliacha mapema, sawa wengi wetu tulioona kama ubao inatuumiza macho bure. Baba yake alitaka akae dukani. Siku moja Asani akafungua redio ya baba, akaifunga tena, vyuma vingine vikabaki mukononi, na redio ikaimba vizuri kuliko zamani.

"Basi Mungu alizidisha vyuma," baba akasema, na akamufukuza, asifungue na mashine ya kushona.

Akaenda Salamabila kuchimba dhahabu. Kule alichimba udongo mingi, dhahabu ikamukimbia. Siku moja shimo likaanguka, likameza rafiki zake, na yeye alikuwa juu, anatengeneza simu ya mutu. Hakushuka tena chini ya udongo. Alipanda nyuma ya pikipiki ya Iliasi, rafiki yake tangu Kasongo, akafika Kabambare, akafungua kibanda mbele ya sentre ya afya, akaandika juu ya ubao kwa rangi nyekundu: FUNDI WA VYOTE.

Pale njo Consolée wa Wamaza, kijiji cha mbali, alimuletea simu yenye kuingia maji. Kazi ya siku moja, Asani akaivuta wiki nzima. Consolée akachoka kurudi.

"Fundi, unatengeneza simu ao unatengeneza mimi?"

"Ubao iko pale, mama. Soma."

Wakaoana. Kwao Consolée ni Wakristo, walima mihogo na mupunga. Kwake Asani ni Waislamu wa muji. Kila upande ulinung'unika kidogo, kisha ukakula.

Sasa, kichwa cha Asani kilikuwa na ugonjwa moja. Zamani, kule Kasongo, laini yake ilifungwa, akaita kampuni ya simu kwa numero fupi. Sauti ya mwanamuke ikamuambia bonyeza hii, bonyeza ile. Akabonyeza. Simu ikalia kwa mutu, yule mutu iko na kazi, simu ikamuacha, ikaenda kwa mwingine, ikaenda kwa mwingine, mupaka mutu akasema "alo". Asani alisahau ata shida yake. Akabaki anacheka peke yake njiani sawa mulevi.

"Iliasi, ile simu iko na akili! Weye hautafute mutu, simu njo inatafuta!"

"Basi iambie initafutie bibi," Iliasi akamujibu.

Kabambare, minara ya simu ni wagonjwa. Inaweza kulala siku na siku. Lakini mufanyabiashara moja aliweka sahani ya satelite juu ya paa, na watu wakaanza kuitana kwa internet. Wote wakafurahi, Asani akakunja uso. Alisema: internet inabeba sauti, sawa, lakini haina akili. Unaita mutu moja. Simu yake ikizimika, umesema na ukuta. Na mwanamuke mwenye kutoka damu kule mbali hana nafasi ya kusema na ukuta, kwa maana barabara ni matope mupaka magotini na pikipiki inakamata saa nyingi kufika.

Akatafuta ordinatere, kompyuta ya zamani, akaifunga na batri ya jua, akaweka ndani programu ya bure yenye kupokea simu za internet na kuzipeleka, na yote pamoja akaiita masini. Vijana wa Bukavu, ambao hawajamuona ata siku moja, wakamufundisha kwa meseji. Akaungua vidole, akakonda. Consolée akamuletea chakula kibandani na kukirudisha kimepoa. Kisha siku moja masini ikatii. Unabonyeza kumi na tano, basi. Kwanza inaita Ismaël, mukubwa wa waforomo, wauguzi wa sentre. Inalia, inalia. Asipokamata, inamuacha na kuita Feza, mukunga. Feza naye asipokamata, inamuita Iliasi wa pikipiki. Inazunguka hivyo mupaka mutu aseme "alo". Na mwenye kuita halipi kitu, sahani njo inabeba.

Asani alitembea Kabambare yote kifua mbele, sawa yeye njo alimuzaa satelite. Kila asubuhi alikuwa anajaribu masini yake: anabonyeza kumi na tano, inalia mara moja kwa Ismaël, anasikia inafanya kazi, anakata. Ismaël akachoka.

"Asani! Simu yangu inalia sawa kuku yenye kutaga. Ni weye tena?"

"Ni mimi, mukubwa. Najaribu."

"Mbona inaandika kumi na tano, haiandike jina lako?"

"Masini inaficha. Kila mutu anapita mulango moja, njo uzuri wake."

"Basi nikiona kumi na tano inalia mara moja na kukatika, nitajua ni wazimu wako, nitaendelea na kazi yangu."

Wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko cha haki, sina la kuongeza.

Wamaza, sahani ya pili ilikuwa kwa kanisa, na nyumba ya Mama Léontine, mama yake Consolée, iko karibu, internet inafika mupaka jikoni. Kwa hiyo simu ya kuita kumi na tano, sawa zile Asani alizopeleka vijiji vingine, ikawekwa kwa mukono wake. Asani akaenda kuipeleka. Fasi zingine zote, mwenye kushika simu alijaribu mbele ya Asani mupaka akajua. Hapa, wapi! Mukwe hatazame mama wa bibi yake usoni. Hakule mbele yake. Na kumusimamia mama kichwani, "bonyeza, hapana, bonyeza tena," ni kumuzarau. Asani akakaa pembeni, macho chini, mikono kati ya magoti.

"Consolée, muonyeshe mama."

"Mama, ni kumi na tano. Bonyeza, waforomo watajua."

"Kumi na tano," Mama Léontine akasema. "Nimesikia. Mukwe wangu, aksanti."

"Aksanti, mama."

Basi. Asani akakunywa maji nje, akarudi.

Sasa sikilizeni namna watu wa Wamaza wanatumikisha simu. Kabla ya sahani, Mama Léontine alikuwa anapanda kilima fasi réseau ya simu inapita, anaita Consolée, inalia mara moja, anakata. Ni bipi. Bipi moja: niko muzima, uniite ukipata nafasi. Bipi zikifuatana: kuja mbio, kuko jambo. Na musifikiri ni umaskini tu. Ni adabu. Mutu mudogo haachake simu ya mukubwa ilie na kulia sawa anamugombeza. Anagonga kidogo, anakata, anangoja. Mwenye simu atarudisha. Mama Léontine hakuacha ata siku moja simu ilie mupaka mwisho. Waliomuambia kama sasa ni bure, aliwajibu: bure ni ya leo.

Mimba ya Consolée ikakomaa, na kwa kuwa ilikuwa ya kwanza, akarudi Wamaza kuzaa kwa mama yake. Asani akabaki. Alisema na yeye kila siku kwa simu yake, akimuchokoza.

"Mutoto akitoka, utamubonyezea kumi na tano?"

"Nitabonyeza yote mupaka masini yako ivunjike."

Siku ile ilikuwa ya chanjo. Uwanja wa sentre ulijaa wamama, watoto wanalia, Ismaël iko na sindano mukononi. Asubuhi Asani alikuwa amejaribu masini yake, sawa desturi. Jua likapanda. Simu ya Ismaël ikalia ndani ya mufuko, mara moja, ikakatika. Akaitazama: kumi na tano. Akairudisha mufukoni. Ikalia tena, ikakatika. Tena. Tena. Ismaël akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti kwa kibanda cha ngambo:

"Asani! Acha kuchezea simu, niko na watoto za watu hapa!"

Asani alikuwa na chuma cha moto mukononi, anaunga waya. Akafikiri ni mambo ya asubuhi. Akainua mukono bila kugeuka.

"Sawa, mukubwa! Nimeacha!"

Na simu ikaacha kweli. Bipi zikaisha.

Kule Wamaza mutoto alikuwa amekwisha kutoka, mutoto mwanamuke, muzima. Damu njo ilikataa kusimama. Mama Léontine alikuwa anafunga vitambaa kwa mukono moja na kubonyeza kwa mukono mwingine, kisha anaweka simu juu ya kitanda na kuitazama, anangoja irudi. Haikurudi. Pale akaita wanaume wa majirani. Wakafunga kipoyi kwa miti na mukeka, wakamulalisha Consolée, wakashika njia. Mama akafuata nyuma na mutoto kifuani.

Mwenye baiskeli alitangulia kuleta habari. Asani akapanda nyuma ya Iliasi, wakakimbia, wakaanguka kwa matope, wakainuka. Waliwakuta wanaume wamekaa kando ya njia, kipoyi chini. Consolée alikuwa angali na joto. Ni joto tu ilibaki.

Asani alikaa pale. Aliondoa matope kwa miguu ya Consolée na kidole, polepole, sawa anasafisha simu. Kisha akafanya kitu ambacho mukwe hafanyi. Akainua macho, akamutazama mama mukwe usoni.

"Mama, sababu gani haukupiga simu?"

"Nilipiga, mwanangu."

"Haukupiga! Simu yangu inatafuta mutu! Ismaël akikosa, inaenda kwa Feza. Feza akikosa, inaenda kwa huyu. Iliasi, ilikulilia?"

Iliasi akatikisa kichwa.

"Munaona? Hakupiga!"

"Nilipiga, Asani."

"Masini haisemake uongo," Asani akasema, mbele ya wanaume wote wa kipoyi.

Neno lile lilitangulia maiti kufika Wamaza. Na lilipofika, halikukaa vile lilivyotoka. Kwanza watu walisema: alikuwa na simu mukononi, hakupiga. Kisha: hakutaka kupiga. Kisha wakaanza kusema polepole, wakigeuka nyuma: mutu gani anatazama mutoto wake anamalizika, na simu iko pale? Wakasema alimukula kwa uchawi. Jirani moja akaondoa kuku zake kwa uwanja wa Mama Léontine. Mwingine akasema wakimaliza kuzika, mama huyu atoke Wamaza, na mutoto yule muchanga asilale tena mikononi mwake.

Kwa kilio watu walikaa mbali na yeye. Alikaa peke yake chini ya ukuta, mutoto kifuani, anamunyonyesha maji ya mupunga kwa kidole. Asani alikaa upande wa wanaume. Alisikia yote.  Mutu akihuzunika na mutu akikasirika wanafanana mudomo: unafungwa. Lakini ndani alikuwa anaitetea ile masini. Kama masini ilikosa, basi yeye alikosa, na kama yeye alikosa... hakuendelea na ile njia.

Ismaël na Feza walifika kutoka Kabambare kutoa pole. Wakakaa. Mukubwa wa jamaa, baba mudogo wake Consolée, mzee Christophe, akasimama. Akasema vijana wanataka kufukuza mutu, na yeye hawezi kuruhusu mutu afukuzwe bila kuulizwa.

"Shemeji, sema mbele ya watu. Ulipiga simu, ao haukupiga?"

Mama Léontine akainuka. Alimupatia Feza mutoto. Akatoa simu ndani ya kitenge, akaifungua, akabonyeza na kidole kimoja kikavu. Ndani ya shati ya Ismaël simu ikalia, mara moja. Mama akakata. Akabonyeza tena. Ikalia mara moja. Akakata. Tena. 

"Vile," akasema. "Nilifanya vile mupaka kidole kikachoka. Nikangoja murudishe. Hamukurudisha."

Ismaël alitoa simu polepole, akaitazama sawa nyoka. 

"Kumi na tano," akasema. "Asani... niliiona. Siku ile niliiona yote. Nilifikiri ni weye."

Feza akauliza kwa sauti ndogo: "Na kwangu, kwa nini haikufika?"

Mwenye kujua alikuwa Asani tu. Masini ilikuwa inangoja simu ilie sana ndipo imutafute mutu wa pili. Mama Léontine hakuacha ilie sana. Mara zote zile, masini ilihesabu kama mutu aliita, akabadili mawazo, akakata.

Mzee Christophe akamugeukia Asani. Watu wote wakageuka. Pale angeweza kusema mama hajui simu, na wengi wangekubali, na kuku za jirani zingebaki kule zilikohamia. 

Asani akasimama. Akashika bega la Iliasi, aliyekaa kando yake. Macho akayaweka chini, sawa mukwe mbele ya mama wa bibi yake, na akasema kwa sauti ya kufika mupaka kanisani:

"Nilisema mama hakupiga simu. Nilikosea. Alipiga."